Turubai la kivuli kwenye vani ya kambi: kuchagua, kufunga na kulitumia Malindi

Anayeniletea vani yake nimshonee turubai la kivuli huanza na habari ya jua. Mimi humrudisha kwenye upepo. Jua la Malindi litazuiwa na kitambaa chochote kizito. Upepo hauzuiliki, na turubai lililotandazwa ubavuni mwa gari ni tanga lisilo na nahodha. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: unaweza kulikunja peke yako, gizani, kabla upepo haujakufikia? Jibu likiwa hapana, turubai hilo halikufai hata likiwa la bei gani.

Kazi yangu ya kila siku ni kushona mahema ya tuktuk na vifuniko vya boti, na vani za kambi huja kwa wingi Kaskazi inapoanza. Ninayoeleza hapa ndiyo ninayowaambia wateja wakiwa wamesimama karibu na cherehani.

Hatua ya 1: Jua msimu na mahali

Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, ikitokea kusini na kusini-mashariki, na ndiyo yenye nguvu. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi ikitokea kaskazini-mashariki. Asubuhi huwa tulivu, mchana hushika kasi. Kati ya Kusi na Kaskazi ni maleleji, upepo unapogeuka bila taarifa, na hapo ndipo turubai nyingi hupasuka kwa sababu mtu ameridhika na utulivu wa asubuhi.

Ukiwa ufukweni utapambana na chumvi na mchanga laini. Ukienda Marafa kuona Nyari, lile korongo la udongo, ardhi ni ngumu na joto ni kali. Ukipitia lango la Sala kuingia Tsavo Mashariki, ogopa chamchela, upepo wa kuzunguka unaobeba vumbi, maana huinuka pale ambapo hapakuwa na upepo wowote.

Weka hesabu hii kichwani. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukilikabili turubai hulisukuma kwa nguvu inayokaribia kilo 6 kwa kila mita ya mraba. Turubai la mita 2 kwa 2.5 lina mita 5 za mraba, yaani kilo 30. Upepo ukifika kilomita 72 kwa saa, turubai lilelile linavutwa kwa kilo 120. Hakuna mguu mwembamba wa alminiamu unaobeba hizo.

Hatua ya 2: Chagua aina

La begi ndilo ninalolipendekeza kwa wengi. Kitambaa kinakaa ndani ya begi refu lililofungwa ubavuni mwa keria, ile fremu ya mizigo juu ya paa. Unafungua zipu, unavuta, unateremsha miguu miwili, unanyoosha mikono miwili ya kulikaza. Mtu mmoja analimudu, na kikiharibika kipande fundi yeyote wa Malindi anakishona.

La kaseti hujiviringisha ndani ya sanduku la alminiamu kwa kuzungusha hendeli. Ni zuri kwa macho na kitambaa hukingwa dhidi ya vumbi. Ila mikono yake ina springi na maungio madogo ambayo chumvi huyapenda sana, na spea zake hazipatikani hapa. Kama unaishi ufukweni miezi mingi, sikushauri.

Yapo pia ya mabawa, yanayofunguka kutoka kona ya nyuma na kuzunguka ubavu na mgongo wa gari kwa nyuzi 270. Kivuli chake ni kikubwa, familia nzima inakaa. Lakini mengi yana kilo 20 na zaidi, uzito ambao wote unaning'inia upande mmoja wa paa, na wauzaji husema hayahitaji miguu. Hapa yanahitaji. Usilifungue bila kuteremsha miguu na kufunga kamba, hata kwa chai ya dakika kumi.

Hema la kuunganisha, lile lenye kuta na mlango, linafaa mtu anayekaa mahali pamoja wiki nzima na kutaka kuondoka na gari akiliacha limesimama. Kwa joto letu hugeuka tanuri kufikia adhuhuri, isipokuwa kuta zake ziwe za wavu.

Usidharau pia turubai la kawaida lenye pete za shaba pembezoni, nguzo mbili na kamba. Ni rahisi, na litakufundisha upepo kabla hujatumia pesa nyingi.

Kuhusu upande: Kenya tunaendesha kushoto, na vani zinazotoka Japani, kama HiAce, zina mlango wa kuteleza upande wa kushoto. Turubai likae huko, ili ukiegesha kando ya barabara lifunguke mbali na magari. Vani nyingi zinazoletwa kutoka bara la Ulaya zina mlango na turubai upande wa kulia. Mwenye gari hilo asifungue kando ya barabara kabisa, aingie ndani ya uwanja.

Hatua ya 3: Shika kitambaa mkononi

Mchanganyiko wa pamba na polista, wenye gramu 280 hadi 320 kwa mita ya mraba, ndio unaovumilia. Unapumua, haupigi kelele usiku, na hauyeyuki haraka cheche ikirukia. Polista yenye kupakwa ndani ni nyepesi na hukauka haraka, lakini ule mpako hubanduka ukikunjwa na chumvi. Turubai la plastiki la bluu la hadweya ni la dharura tu. Jua hulikausha mpaka likaanza kupukutika, na vipande vyake huishia baharini.

Angalia mishono kuliko rangi. Kitambaa kikunjwe mara mbili na kushonwa mistari miwili, kwa uzi mnene wa polista. Uzi wa pamba huoza kabla ya kitambaa. Kona ziwe na kiraka cha ziada, maana huko ndiko mvutano wote unakokwenda. Turubai jeupe hupitisha mwanga mwingi unaochosha macho. Chagua khaki au kijivu.

Hatua ya 4: Kufunga kwenye gari

Usitoboe bati la paa. Ni jembamba, litapinda, na kutu itaanzia kwenye tundu. Funga turubai kwenye keria, na keria ishike gata la gari, ule mfereji wa maji pembeni mwa paa, au matundu ya kiwandani. Bano zisipungue mbili, na kwa la mabawa ziwe tatu.

Boliti ziwe za chuma cha pua, ila chuma cha pua kikigusana na alminiamu penye maji ya chumvi, alminiamu ndiyo inayoliwa. Weka washa ya plastiki katikati na upake grisi kidogo. Tumia nati zenye plastiki ndani, zisizolegea kwa mtikisiko, na baada ya barabara ya vumbi yenye mawimbi zikaze tena zote kabla hujafungua turubai.

Hatua ya 5: Kuegesha

Hapa ndipo kazi ilipo. Simama nje kwanza, uhisi upepo usoni, utazame minazi. Egesha gari liwe ukuta: ubavu usio na turubai uwe joshini, unakotoka upepo, na turubai lifunguke demani, upande uliokingwa na upepo. Wakati wa Kusi hiyo ina maana kwamba ubavu wa kulia unatazama bahari na turubai linatazama bara. Wengi hawapendi, kwa sababu wamekuja kukaa wakitazama maji. Basi wafungue milango ya nyuma watazame. Turubai linaloelekezwa kwenye upepo hujazwa kwa chini na kunyanyuliwa, likarudi juu ya paa pamoja na miguu yake.

Sasa jua. Turubai likitazama magharibi, asubuhi gari lenyewe linakupa kivuli. Saa sita mchana jua liko karibu utosini na kivuli kiko chini ya turubai. Saa tisa, ikiwa ukingo wa mbele uko mita 2 kutoka chini, mwanzo wa kivuli umesogea kama mita 1.7 kuelekea gari. Saa kumi umesogea karibu mita 3, yaani kivuli chote kimepanda kwenye mlango na wewe uko juani. Kununua turubai refu zaidi hakutibu hili. Dawa yake ni pazia. Shonesha pazia la mita 1.2 linaloning'inia kwenye ukingo wa mbele kwa zipu au vifungo, liwe la wavu mzito wa kivuli ili upepo upite. Hapo saa kumi bado una kama mita moja ya kivuli kando ya gari.

Usiegeshe chini ya mnazi; nazi hupasua turubai na kichwa pia. Mvinje una kivuli kizuri lakini majani yake hujaa kwenye mikunjo na kuacha madoa. Chini ya mkorosho wenye mabibo usikae kabisa, doa la bibo halitoki.

Karibu na maji, tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3, na mahali palipokuwa pakavu jana leo ni bahari.

Hatua ya 6: Kutandaza

Kabla ya kufungua zipu, vigingi na kamba viwe tayari chini. Fungua, vuta taratibu, teremsha mguu wa upande unaotoka upepo kwanza na uufunge kamba papo hapo. Ndipo uende mguu wa pili. Kaza mikono ya kati mwisho. Ukifunga kamba baada ya kila kitu kusimama, kuna dakika ambazo turubai liko wazi bila kushikwa, na upepo hausubiri.

Kamba ziwe za polista. Nailoni huvutika ikilowa na turubai likalegea. Mkonge, hata ule mzuri wa Vipingo, hufupika ukilowa na kung'oa vigingi usiku wa mvua. Kati ya kamba na kona ya turubai weka kitanzi cha tyubu ya baiskeli. Upepo wa ghafla unavuta mpira badala ya mshono.

Hatua ya 7: Vigingi

Ardhi ngumu ni rahisi. Mpe fundi wa kuchomelea nondo ya milimita 12, akukatie vipande vya sentimita 40 na kupinda ncha. Pigilia kichwa kikiwa kimeinama kwenda mbali na gari, na kamba ishuke kwa nyuzi 45 hivi.

Mchanga wa ufukweni hauna shukrani kwa nondo. Chukua kiroba, jaza mchanga, funga kamba kiunoni mwake. Chimba mtaro wa nusu mita, ukingamane na mwelekeo wa kamba, laza kiroba humo, chonga njia ya mteremko ili kamba itoke moja kwa moja bila kuinua kiroba. Fukia, kanyaga kwa nguvu, mwagia maji. Mchanga uliolowa na kukanyagwa hushika kwa namna ambayo mgeni haamini mpaka ajaribu kuung'oa.

Penye mawe ya matumbawe pasipochimbika, funga mtungi kwenye kila mguu. Wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20. Ukijaa mchanga unapita kilo 30.

Kabla ya kuchimba juu ya mstari wa maji makuu, tazama kama kuna alama pana za kasa zilizopanda kutoka baharini. Kasa hutaga huko, na kigingi kimoja huharibu kiota kizima. Taa za turubai pia zizimwe usiku, maana vifaranga hufuata mwanga badala ya bahari. Ndani ya hifadhi ya bahari, waulize kwanza askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mahali unaporuhusiwa.

Hatua ya 8: Mvua na moto

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, yaani kilo moja. Mvua ya masika ya milimita 20 ikituama kwenye turubai la mita 5 za mraba ni kilo 100. Kwa hiyo ukingo wa mbele uwe chini kuliko upande wa gari, na mguu mmoja uushushe sentimita 15 au 20 zaidi, maji yapate kona ya kutokea. Ukiona tumbo limeanza kuingia, lisukume kwa mkono juu kisha ushushe mguu zaidi.

Jiko likae nje ya ukingo, upande wa demani. Makaa yasiingie kabisa ndani ya hema lenye kuta, hata yakionekana yamezimika. Hewa yake huua watu wakiwa usingizini.

Hatua ya 9: Kukunja na kutunza

Kunja kila unapotoka kwenda sokoni au kuogelea, na kila unapolala wakati wa Kusi na maleleji. Minazi ikianza kugeuza majani, usimalizie kwanza chakula.

Likikunjwa likiwa limelowa, lifunguliwe kesho yake, vinginevyo ukungu utaingia na hautoki. Ukiondoka ufukweni, lioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na brashi laini. Usitumie jiki wala sabuni ya unga, zinakula uzi na kinga ya maji. Maungio yapulizie silikoni. Mafuta ya kawaida hukamata mchanga na kusaga.

Beba sindano nene, uzi wa polista, kipande cha kitambaa kilekile na pete chache za akiba. Tundu dogo lishone siku hiyohiyo, kiraka kikipita tundu kwa sentimita 5 kila upande, kona zake zikiwa za mviringo ili zisianze kufumuka.