Mtoto kasoma hadithi ya yatima wa zamani, sasa mfanye aseme lake mwenyewe

Mwanangu ana miaka 11, tupo Wete, Pemba, mwezi uliopita kaambiwa skuli asome Oliver Twist, hadithi ya Charles Dickens juu ya mtoto yatima Oliver, kile kilichofupishwa kwa Kiingereza chepesi, halafu aandike ukurasa mmoja wa maoni. Kanletea daftari lina mstari mmoja tu, "kitabu hiki kinatufundisha tuwapende mayatima". Nikamwambia mwanangu haya si maoni yako, haya ungeweza kuyaandika bila ya kukifungua kitabu. Nikakaa naye jioni tatu barazani na naandika hapa tulivyofanya, maana najua kuna wazazi wengi wanahangaika na kazi kama hii.

Kwanza kisome wewe, hata kama ni usiku mmoja wa kulala umechelewa. Hadithi za zamani za mayatima hazikuandikwa kwa watoto zote, hii ndani yake mwizi Bill Sikes anamuua mwanamke wake Nancy na ni kifo kibaya, kwa hiyo ujue kimo kwenye nakala yenu au wamekipunguza. Na lipo jambo la Fagin, yule mzee anayewafundisha watoto wizi, Dickens kamwita "Myahudi" kila ukurasa mpaka watu wakamlalamikia na baadae mwenyewe akayapunguza sana kwenye chapa ya 1867. Mweleze mtoto waziwazi kwamba hiyo ilikuwa chuki ya watu wa enzi zile na asiibebe.

Suali la "umejifunza nini" liweke pembeni kabisa, hilo ndo linalozaa ule mstari mmoja. Muulize wapi ulikasirika, wapi ulitaka kukifunga kitabu, nani ungempiga kofi ukimkuta njiani. Halafu nyamaza. Mtoto anahitaji muda na sisi wazazi tuna haraka ya kumjazia.

Wangu alianza na uji. Wale watoto wa nyumba ya maskini wanapewa uji mwepesi mara tatu kwa siku, kitunguu mara mbili kwa wiki na nusu mkate Jumapili, wakapiga kura nani aende kuomba uongezwe ikamwangukia Oliver, na kwa kuomba tu akafungiwa, na likabandikwa tangazo mlangoni kwamba atakayemchukua atapewa paundi 5. Mwanangu kaninyamazia kidogo kisha kasema, "Mama, hawa si ndo wale wa Araayta?" Na akaisoma pale pale hiyo sura ya Qur'ani, yule anayemsukuma yatima wala hahimizi kulisha maskini. Sura hii kaihifadhi chuoni tangu mdogo na siku ile ndo kaiona na watu wake ndani. Sasa jamani hayo ndo maoni! Mie nisingeyafikiria.

Kwa hiyo akianza kusema hivyo washa simu umrekodi, usimkatishe umsahihishe lugha, mwache aende mpaka achoke, baadae mnasikiliza pamoja na anaandika yeye kwa maneno yake. Ukimpa kalamu mapema anarudi kwenye maneno ya ubaoni.

Historia ije baada ya hapo, ukiitanguliza anaona ni somo jengine. Nilimwambia Uingereza walipitisha sheria 1834 ambayo maskini akitaka msaada aingie kwenye zile nyumba za maskini, na zilifanywa ngumu makusudi ili watu waogope kwenda, mume huku mke kule watoto kwengine. Akauliza, "Kwa hiyo ni kweli?" Oliver katungwa, nyumba zilikuwepo. Chora mistari miwili kwenye karatasi, upande huu kilichotokea kweli upande huu kilichobuniwa, ajaze mwenyewe. Kilichomshika zaidi ni Dickens mwenyewe, kwamba 1824 akiwa na miaka 12 alitiwa kiwandani kubandika karatasi kwenye vikopo vya rangi ya viatu, na baba yake kafungwa kwa deni. Hadithi hii ilitoka kidogo kidogo kila mwezi 1837 mpaka 1839, watu wanangoja kama wanavyongoja tamthilia, na kwao yale yalikuwa mambo ya wakati wao, ni sisi ndo tunaoyaita ya kale.

Masafa pia yatie kwenye kitu anachokijua. Oliver katembea maili 70 kwenda London, ni kama kilomita 112, na Pemba yote kutoka kusini mpaka kaskazini haifiki 70. Alishangaa sana.

Na akisema hayo ni ya Uingereza tu, mtajie Mbweni kule Unguja, magofu ya skuli ya wamisheni waliyowekwa mabinti waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa, watoto wasiokuwa na baba wala mama karibu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873. Mkipata safari mpelekeni akaone kuta.

Tahadhari moja kubwa. Kama darasani au nyumbani yupo mtoto aliyefiwa na wazazi usimuulize mbele ya wenzake "wewe ungejisikiaje", mwache achague mwenyewe kusema au kukaa kimya.

Na akikikosoa kitabu usimrudishe. Wangu hakuupenda mwisho. Oliver anakuja kujulikana ana jamaa wenye uwezo na urithi wake, anatulia, lakini Dick, rafiki yake mdogo waliyeachana mlangoni akimwombea dua, anakufa huko huko. Kasema, "Mbona kapona mwenye jamaa tu, Dick nani alimuulizia?" Nikataka kumwambia hadithi za zile zama ndivyo zinavyoisha, nikajizuia, nikamwambia andika hivyo hivyo ulivyosema.

Ukurasa wake ulianza na uji ukaishia na Dick, na mie sikumuongezea hata neno.