Jinsi ya kufunga boksi la Pasaka ya Kiyahudi

Hapa Chicago namtunza bibi mmoja wa Kiyahudi. Kila mwaka, Pasaka yao ikikaribia, hunikokota sinagogi tukafunge maboksi ya vyakula na wanawake wenzake. Mchango huo wa kuwasaidia wahitaji wanauita maot chitim, pesa za ngano.

Anza na kopo la mchango. La bibi ni la bati, linakaa karibu na jiko. Kila Ijumaa hutumbukiza sarafu kabla ya kuwasha mishumaa, maana Sabato ikishaingia hagusi pesa.

Siku ya kufunga, soma kila pakiti. Tambi, biskuti na bia weka kando. Siku hizo nyumbani hakubaki chochote cha nafaka iliyochachuka. Weka matza, mikate bapa mikavu ambayo tangu unga uguswe na maji hadi iive hazipiti dakika 18. Mchele una mambo: Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya hawauli wakati huo, wenye asili ya Iraki wengi wanakula. Uliza kwanza.

Viazi na juisi ya zabibu chini, mayai juu kabisa. Mwaka wa kwanza mimi niliyatanguliza mayai. Acha tu.

Ukifikisha, weka mlangoni, bonyeza kengele, ondoka. Maimonides, mwanachuoni wao wa karne ya 12, alipanga ngazi 8 za kutoa. Ya pili kwa ubora ni mtoaji na mpokeaji wasijuane. Mimi hutamani kuchungulia, lakini bibi hunivuta koti.