SOMO: Kubuni molekuli mpya ukianzia kwenye prazikwanteli

Wiki hii nimeulizwa mara nne jinsi ya kubuni molekuli mpya kutoka prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa hiyo naliweka somo hapa. Sisi wa kandokando ya ziwa tumemeza vidonge hivi vya kichocho tangu shule ya msingi, 40 mg kwa kila kilo ya mwili. Vinaua minyoo iliyokomaa, michanga husalimika. Ndiyo maana bado tunatafuta dawa nyingine.

1. Pakua RDKit, programu ya kompyuta ya kushughulikia molekuli. Ni bure.

2. Andika muundo wa prazikwanteli kwa mstari wa herufi na alama, kisha hakiki: C19H24N2O2, uzito 312.4.

3. HAPA NDIPO NILIPOHARIBU. Kaboni ya 11b ina maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto: R na S. Inayoua minyoo ni R. S karibu haina kazi, tena inaongeza ladha chungu. Mimi nilichora bapa, bila alama ya @, ile inayoonyesha umbo kwenye mstari wa molekuli. Programu ikajichagulia S, nikajenga molekuli 60 juu yake kwa wiki tatu. Msimamizi wangu aliuliza tu, "R au S?" Nikaanza upya. @ haimaanishi R wala S. Inategemea umepanga vipi atomu. Iache programu itaje. Na ukibadilisha atomu za jirani, herufi inaweza kugeuka huku umbo likibaki lilelile, basi litazame umbo lenyewe.

4. Badilisha sehemu moja moja. Usikimbilie kuweka OH kwenye kaboni ya 4 ya pete ya sikloheksili: ini hufanya hivyo lenyewe, na kinachotoka ni dhaifu.

5. Kanuni ya Lipinski (1997), ya kukisia kama dawa ya kumeza itafyonzwa mwilini: uzito usizidi 500, logP (kipimo cha kupenda mafuta kuliko maji) 5, NH na OH 5, N na O kwa jumla 10.

MASWALI

Sato_Igombe: Mkuu nitumie faili lako, asaiment ni kesho.
— Hapana. Hatua ya 2 ni dakika tano.

Sato_Igombe: Mbona sioni R wala S?
— Hatua ya 3. Isome.

Binti_Ukerewe: Samahani kaka, kama S haina kazi, mbona imo kidongeni?
— Swali zuri sana, dada. Utengenezaji wa kawaida huzaa nusu kwa nusu, na kutenganisha ni gharama kwa dawa inayogawiwa bure. Kidonge kinakuwa kikubwa na kichungu, watoto wanatema. Arprazikwanteli ya watoto wadogo ni R peke yake; wakala wa dawa wa Ulaya uliikubali Desemba 2023. Tafuta pia kazi ya wazi ya mkemia Matthew Todd, aliyoifanya alipokuwa Chuo Kikuu cha Sydney, kuhusu kutenganisha R. Ukikwama niandikie.

Mama_Kayenze: Wangu anameza kesho shuleni. Aende bila kula?
— Hapana mama, ale kwanza ashibe. Na maji ya ziwa ya kumwogeshea yakae kwenye pipa siku mbili, vimelea vya kichocho vife.