Kukatisha kona kali kwa mwanga kwenye silikoni

Ukitaja topolojia ya mwanga, yaani kupanga kiada ili mwanga ufuate mpaka na kupita kona bila kurudi nyuma, wengi huwaza sumaku. Ndivyo wanafizikia Haldane na Raghu walivyopendekeza mwaka 2008, na ndivyo watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walivyothibitisha mwaka 2009 kwa maikrowevu. Kwa mwanga wa nanomita 1550, ule wa nyuzi za mawasiliano, sumaku iache. Nguvu yake juu ya mwanga huo ni hafifu mno. Mimi hutumia njia ya mabonde, yaani sehemu mbili za grafu ya masafa ambako bendi mbili hukaribiana; inahitaji silikoni na matundu tu.

Chora seli ya rombasi yenye matundu mawili ya pembetatu yaliyo sawa, moja likitazama juu, jingine chini. Irudie kila nanomita 420 hivi, kwenye utando wa silikoni wenye unene wa nanomita 270, hewa juu na chini. Kwa MPB, programu ya bure, kokotoa bendi, yaani masafa yanayoruhusiwa kwa kila mwelekeo, za mwanga ambao uga wake wa umeme umelala kwenye utando. Kwenye nukta K, pembe ya ramani ya mielekeo hiyo, bendi mbili lazima zigusane. Zisipogusana, rudia mchoro.

Sasa likuze tundu moja, upande wake ufike 0.6 ya umbali wa kurudia, na lingine ulipunguze hadi 0.4. Pengo, yaani masafa yasiyopita, litafunguka kati ya bendi hizo. Hesabu pengo lile tu lililo chini ya mstari wa mwanga, ule wa mwanga unaosafiri hewani. Kilicho juu yake huvujia hewani, hata kikipendeza kwenye grafu.

Bandika pamoja vipande viwili vya mchoro huu, tundu kubwa na dogo yakibadilishana nafasi. Mwanga utapita mpakani. Pinda kwa nyuzi 120: seli ikizungushwa kiasi hicho haibadiliki, hivyo mpaka unabaki uleule. Nyuzi 90 usijaribu. Mabonde mawili yatachanganyika na mwanga utarudi ulikotoka.

Tena, usiamini kwamba neno “topolojia” linakukinga na kila kitu. Kinga hii inategemea ulinganifu, na ukingo wa tundu uliochongwa vibaya hauujali. Mwaka 2023 watafiti wa Denmark walipima njia za namna hii wakakuta mwanga ukirudi nyuma kwa nguvu. Kwa hiyo, kwenye Meep, programu ya kuiga mwendo wa mwanga, yasogeze matundu ovyo kwa nanomita chache, kisha linganisha na njia ya kawaida ya safu moja isiyotobolewa, mwanga ukienda kwa kasi ileile. Zikitoka sare na huna kona ya kukata, chagua ya kawaida. Ni rahisi kuitengeneza. Ukibaki na mabonde, ncha za pembetatu zichore zikiwa butu, maana mwali wa elektroni unaotumika kuchora matundu hautakuchongea ncha kali.