Denali: Kupanda Kilimanjaro hakukutayarishi

Kilimanjaro nilibebewa hadi kiti cha kukalia. Mlima Denali, kule Alaska, Marekani, hakuna mpagazi. Mzigo mwingine mgongoni, mwingine kwenye sleji unayoivuta kwa kiuno.

Jiandikishe mapema, uende Mei au Juni. Kutoka mji mdogo wa Talkeetna ndege ndogo yenye skii inakushusha kwenye barafu ya Kahiltna, mita 2,200 hivi. Kilele kiko 6,190. Tenga wiki tatu, maana kuna siku dhoruba haikuachii hata kuchungulia nje ya hema.

Usidanganywe na zile mita 295 zinazoizidi Kilimanjaro. Denali iko nyuzi 63 kaskazini ya ikweta, na huko kanieneo ya hewa ni ndogo, yaani hewa ni nyepesi zaidi. Mapafu yanadhani uko juu zaidi. Kwa hiyo panda na nusu ya mzigo, uzike thelujini, shuka ulale chini, kesho ndipo uhame.

Viatu vya ndani ya buti lala navyo. Mimi niliviacha mlangoni; asubuhi vilikuwa vigumu kama mbao, nikavikumbatia nusu saa huku wenzangu wakinicheka.

Njia ya West Buttress, wanayopita wengi, ilipandwa kwanza 1951 na kundi la Bradford Washburn. Lakini aliyetangulia kukanyaga kilele, tarehe 7 Juni 1913, ni Walter Harper, mwana wa mama Mwathabaska, kabila la wenyeji wa asili wa Alaska. Mwenyeji, bwana!

Na kinyesi? Kinaingia kwenye ndoo yenye kifuniko, unashuka nayo.