Kutengeneza kitanzi cha kudumu kwenye kamba ya sintetiki ya winchi

Kamba nyepesi ambazo siku hizi huchukua nafasi ya waya wa chuma kwenye winchi za magari husukwa kwa nyuzi za polietilini ya aina ya Dyneema. Haziliwi na kutu, huelea majini, na kamba nzuri yenye kipenyo cha milimita 10 hukatika kwenye mvuto wa takriban tani 8 au 9. Hata hivyo, ukiifunga fundo hupoteza nusu ya nguvu hiyo au zaidi, kwa sababu nyuzi zake ni telezi na hazivumilii kona kali. Kwa hiyo kitanzi cha ncha hutengenezwa kwa kuurudisha mkia ndani ya kamba yenyewe.

Maelezo haya yanahusu kamba ya misuko 12, yaani mafungu 12 ya nyuzi yaliyosukwa pamoja, iliyo wazi katikati na isiyo na ala ya nje. Ikiwa ncha ya pili imefungwa kwenye ngoma ya winchi, yaani mahali kamba inapozungushwa, ifungue kwanza, kwa kuwa itahitajika.

Urefu wa mkia unaofichwa ni mara 72 ya kipenyo, yaani sentimita 72 kwa kamba ya milimita 10. Pima urefu huo kutoka nchani na uweke alama ya kwanza. Kisha pima mzingo wa kitanzi unachotaka, tuseme sentimita 20, na uweke alama ya pili. Kwenye alama ya pili tenganisha misuko sita upande huu na sita upande ule, upitishe mkia katikati yake hadi alama ya kwanza itokeze upande wa pili. Hapo fungua mkia vivyo hivyo kwenye alama ya kwanza, upitishe kamba yote ndefu ndani yake, kisha uvute taratibu mpaka sehemu hizo mbili zikumbatiane bila kujikunja.

Wengi hudhani makutano hayo ndiyo yanayobeba mzigo, kisha wanapunja mkia. Kazi ya makutano ni kuzuia mkia usichomoke kamba inapolegea, basi. Kinachobeba mzigo ni msuko wa nje, ambao kadiri unavyovutwa ndivyo unavyoubana mkia uliomo ndani, na mkia mfupi haupati eneo la kutosha la kubanwa.

Kabla ya kuuficha, uchonge mkia: katika theluthi yake ya mwisho chomoa na ukate misuko miwili miwili kwa umbali uliolingana, mmoja unaoelekea kulia na mmoja wa kushoto, ili wembamba uje polepole. Mkia ukiishia ghafla, kamba hukatikia hapo hapo. Tumia kisu kikali sana juu ya ubao, na usiichome ncha kwa moto, kwani donge gumu litakwama.

Sukuma kamba ijikusanye ipanuke, upenyeze waya mwembamba uliokunjwa katikati kutoka sentimita 80 hivi mbali na makutano, utokeze kando yake, unase ncha ya mkia na uuvute wote ndani. Ukishika makutano kwa mkono mmoja, kamua kamba kwa mwingine kuelekea mbali na kitanzi, tena na tena, hadi mkia uzame kabisa na msuko ulale laini.

Kazini, mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya nguvu ya kukatika iliyoandikwa na mtengenezaji, na asisimame mtu kwenye mstari wa mvuto. Acha mizunguko isiyopungua kumi kwenye ngoma, kwa kuwa boliti inayoshikilia ncha ya kamba humo haikuundwa kubeba mzigo. Kagua pia mahali kamba inapopita: mikwaruzo iliyoachwa na waya wa zamani hukata nyuzi haraka. Joto nalo ni hatari, kwani nyuzi hizi huyeyuka kwenye takriban nyuzijoto 145 na hudhoofika mapema zaidi. Kwa hiyo winchi yenye breki ndani ya ngoma, ambayo hupata moto inapozuia mzigo, ipumzishwe mara kwa mara unaposhusha mzigo kwenye mteremko mrefu.