Skani ya mifupa kwa teknesiamu, kuanzia jenereta hadi picha

Eksirei huonyesha umbo la mfupa. Skani ya nyuklia, inayotumia teknesiamu (kitu kinachotoa mionzi), huonyesha mahali mfupa unapojijenga upya, ndiyo maana wagonjwa wengi wanaoletwa kwetu wana saratani ya matiti au tezi dume na daktari anataka kujua kama imefika mifupani.

1. Jenereta. Si ya umeme, ni chombo cha kuzalisha teknesiamu. Ndani yake kuna molibdeni-99, nayo ya mionzi, ambayo nusu yake huisha kila baada ya saa 66 na kugeuka teknesiamu-99m. Hii hupungua nusu kila saa 6. Pitisha maji ya chumvi: teknesiamu hutoka, molibdeni hubaki. Pima kama kuna molibdeni iliyopenya. Ikizidi kiwango, usimdunge mtu.

2. Kuchanganya. Teknesiamu peke yake haina haja na mfupa, kwa hiyo huunganishwa na MDP, dawa inayoshika mfupa, ndani ya kichupa kilichofunikwa kwa madini ya risasi. Usiingize hewa. Oksijeni huvuruga muungano huo, na baadaye utaona tumbo na tezi ya shingo vimekolea pichani.

3. Sindano. Kwanza uliza kuhusu ujauzito na kunyonyesha. Mtu mzima hupata takriban megabekereli 740 (kipimo cha mionzi) mshipani. Kama bega la kulia ndilo linaloshukiwa, dunga mkono wa kushoto, maana dawa ikivuja nje ya mshipa huacha doa la kupotosha.

4. Kusubiri saa 2 hadi 4. Wengi hapa hulegea, na kwangu ndipo picha nzuri hupatikana. Mgonjwa anywe maji ya kutosha na akojoe mara kwa mara: dawa isiyoshika mfupa hutoka kwa mkojo. Kabla ya kupanda kitandani aende msalani tena. Kibofu kilichojaa huficha nyonga, na tone la mkojo kwenye nguo huonekana kama ugonjwa. Ukiwa na shaka, mbadilishe nguo, umpige picha upya.

5. Kamera. Mwambie mgonjwa kuwa kamera hii haitoi mionzi, inapokea tu ile inayotoka mwilini mwake. Piga mbele na nyuma, mwili mzima.

6. Kukagua. Doa jeusi, yaani mahali dawa ilipojikusanya, si lazima liwe saratani. Goti lenye baridi yabisi au mbavu iliyovunjika hufanya vilevile. Lakini mifupa ikiwa imekolea yote na figo hazionekani, usidhani picha imetoka safi. Huenda saratani imetapakaa hadi mifupa ikavuta karibu dawa yote. Mwite daktari kabla mgonjwa hajaondoka.